Wimbo Ambao Zenoni Hakuumaliza

Zenoni Bagula ana miaka sitini na sita. Amepiga blues jukwaani kwa miaka kumi na minne, na kwa muda wote huo karibu hakuna aliyeelewa hata neno moja la anachoimba.

Gitaa alilijua tangu Uvira, kwao Kongo, akipigia harusi. Blues aliikuta Louisville, Marekani, kwa Mmarekani mweusi mzee waliyepakia naye maboksi ghalani. Zenoni alipojaribu kumwiga kwa Kiingereza, mzee alimkatiza: "Imba kwa lugha yako. Kwa hii yangu unadanganya." Mzee akafa, Zenoni akaendelea peke yake. Wakongo wenzake wa mtaa wa Iroquois hawakumfuata baa. Kanisani walimwombea aache muziki wa dunia. Wamarekani ndio waliokuja, wakafumba macho, wakapiga makofi, wakaenda zao.

Julai iliyopita alialikwa kupiga mjini Buffalo, kwenye bustani, Jumamosi mchana. Alisafiri kwa basi, akalala Columbus kwa Gracieuse, binti yake wa pekee.

"Twende wote, mama," alimwomba. "Hujanisikia hata siku moja."

Gracieuse alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba ana kazi.

Buffalo palikuwa na watu wengi kwenye majani, wamekalia viti vya kukunja. Zenoni alianza wimbo aliokuwa akifungulia kila onyesho:

*Nilienda kutafuta maji, nikarudi na maji.*
*Nilienda kutafuta maji, nikarudi na maji.*
*Charlotte, uliyeyataka hunywi, sasa nimpe nani?*

Mbele kushoto, mwanamke aliyevaa sare ya kazi alisimama ghafla na kuziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Zenoni alimwona. Ubeti wa pili ulikuwa unamweleza Charlotte alivyolala kando ya barabara, tumbo kubwa, siku waliyokimbia vita. Aliufungua mdomo, sauti haikuja. Kwa miaka kumi na minne alikuwa ameyasema maneno yale kama mtu aliye peke yake chumbani. Sasa kulikuwa na mtu mlangoni. Alipiga gitaa tu mpaka mwisho. Watu wakashangilia.

Baadaye yule mwanamke alimfuata nyuma ya jukwaa. Aliitwa Mutesi, alitunza wazee mtaa wa North Buffalo.

"Baba, unisamehe. Ule Charlotte, ilikuwa bibi yako?"

"Ndiyo, bibi yangu. Alikufa njiani akiwa na mimba, siku tulikimbia vita."

"Na mtoto wa tumboni?"

"Walienda wote wawili. Nilibaki na mkubwa, nilikuwa nimemubeba mugongoni."

"Bon, sawa. Huyo mkubwa anajua?"

Zenoni alianza kulifunga gitaa mkobani. Gracieuse alikuwa na miaka miwili siku ile. Alipokua, baba yake alimwambia kwamba mama alikufa kambi ya wakimbizi kwa homa, kitandani, akiwa ameshikwa mkono.

Mutesi alitazama saa. Zamu yake ilikuwa inaanza. Alimshika Zenoni mikono, akaenda kazini.

Kesho yake, Columbus, Zenoni alimkalisha mwanawe jikoni akamweleza yote: barabara, kidumu cha maji, mtoto ambaye hakuzaliwa. Gracieuse alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, kwa Kiswahili cha kutafuta maneno:

"Baba, uliambia watu hawa wote, miaka yote hii. Juu ya nini haukuniambia mimi?"

"Wao hawakuwa wanasikia Kiswahili," Zenoni alisema.

Gracieuse aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Zenoni alingoja hadi saa ya basi, akabeba gitaa lake, akatoka.

Bado anapiga Louisville, kila Jumapili alasiri, lakini wimbo ule hauimbi tena. Gracieuse hajafika kumsikiliza. Humpigia simu mara mojamoja, na kila anapopiga huuliza jambo moja tu kuhusu mama yake: alikuwa mrefu? Alipenda kucheka? Akishajibiwa, anashukuru na kukata. Zenoni hubaki ameshika simu, akikumbuka mengine ambayo hakuulizwa.