Kioo cha Picha ya Mama

Juzi, katika duka moja Bariadi mjini, niliona santuri imegeuzwa saa ya ukutani, mishale imechomekwa pale katikati. Nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia.

Nilikumbuka mchana mmoja kwetu Nkoma, nyumba nzima ikinuka pamba mpya tuliyoirundika hadi chumbani. Nilikuta picha ya mama, aliyefariki nikiwa bado nanyonya, imelazwa mezani bila kioo chake. Niliamini baba ameanza kumtoa mama nyumbani.

Baba alikuwa uani. Alikuwa ameibana santuri iliyopinda kati ya kile kioo na kioo cha dirisha, akaianika juani ilainike na kunyooka.

"Baba, mama amekosa nini?"

"Usiiguse, ng'wanone, mwanangu. Subiri ipoe."

Jioni aliiweka kwenye gramafoni. Ilikwaruza kidogo, kisha kwaya ya kanisani kwetu ikaanza kuimba, na sauti moja ya kike ikapanda juu ya nyingine zote.

"Huyo ndiye mama yako," baba alisema.

Niligeuka kuitazama picha pale mezani, mdomo umefumbwa kama siku zote. Haikuwahi kunijia kwamba mama alikuwa na sauti.