Shavu Lisiloota Ndevu

Shavu langu la kulia lina ndevu za mtu mzima. La kushoto ni la mtoto wa darasa la sita, maana ndivyo nilivyokuwa nilipopelekwa Mwanza kuchomwa mionzi kwa saratani ya matezi ya shingo. Saratani ilikwenda, ikaondoka na ndevu zangu za baadaye.

Kinyozi wangu hapa Sirari, mzee wa rika la mama yangu, hakuchoka kunitania. "Upande huu, mura, kijana wangu, nikunyoe au nikupake mafuta tu?" Na kabla ya kushika wembe lazima anipapase shingo, kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani. Nimemwambia mara ngapi kwamba siuzwi.

Daktari alikuwa amemwonya mama: mionzi imemponya mtoto, lakini hiyo hiyo inaweza kuleta saratani nyingine miaka mingi baadaye, kwa hiyo shingo ichunguzwe kila mwaka. Mama alinivuta kila mwaka kutoka kijijini kwetu Nyanungu hadi Mwanza, mimi nikinung'unika njia nzima. Alipofariki, nikaacha. Kichwa changu kigumu, nakiri. Nilijiona nimeshapona, na kazi ya kupitisha mizigo mpakani haina likizo.

Jumamosi moja mwaka jana, vidole vya mzee vikasimama kwenye koo langu. Vikarudi tena palepale. Akafunga wembe.

"Leo sikunyoi. Nenda hospitali."

"Na ndevu hizi?"

"Nenda nazo. Nitakunyoa ukiniletea majibu."

Nikaenda Mwanza na kichaka upande mmoja. Muuguzi akauma mdomo asicheke. Walikuta saratani ndogo kwenye tezi la koo, haijasambaa, wakaikata. Niliogopa, sidanganyi. Nililia kuliko nilivyolia darasa la sita.

Niliporudi nikampa mzee shikamoo na majibu yake, nikamuuliza alijuaje.

"Mimi nijue nini? Mama yako alikuja hapa alipoanza kuumwa. Akasema, 'Mwanangu mbishi. Nikiondoka, hospitali hataenda, lakini kunyoa atanyoa. Kila akija, mshike hapa.' Akanionyesha kwenye shingo yake mwenyewe."

Akakung'uta taulo, akanifunga shingoni.

"Miaka minne nakupapasa, nawe unalalamika tu. Haya, kaa vizuri."

Nikakaa. Kabla hajanigusa, nikainua kidevu mwenyewe.