Matembezi ya Mama Loveness Kandokando ya Kasenga

Tangu arudi kutoka Uingereza, Agnetha alikuwa na tabia moja ambayo kijiji kizima hakikuielewa. Jua likianza kupoa alifunga mlango wake, akachukua fimbo, akashuka mtoni na kutembea. Hakubeba ndoo. Hakubeba jembe wala panga, na hakuwa na ng'ombe mbele yake. Aliufuata ukingo wa Kasenga taratibu mpaka kwenye mikuyu, akakaa juu ya jiwe akavuta pumzi, kisha akarudi nyumbani mikono mitupu kama alivyotoka.

Mageni, jirani yake wa siku nyingi, ndiye aliyemuuliza wa kwanza.

"Mama Loveness, kuna nini huko mtoni?"

"Hakuna kitu. Natembea."

"Unatembea kwenda wapi?"

"Siendi popote. Natembea tu, mwenzangu."

Mageni alimtazama usoni kutafuta dalili za homa, asizione, akaenda zake kuchambua mboga.

Mambo yalikuwa yameanzia mbali. Loveness, binti pekee wa Agnetha, ni muuguzi huko Uingereza, katika mji mdogo uliopitiwa na mto katikati. Alipojifungua alimwita mama yake akamsaidie kulea mtoto. Agnetha akaenda, akiwa na uwele na karanga kwenye begi, na majuma ya mwanzo alikaa ndani kama mtu aliyefungiwa. Yeye aliyetembea maisha yake yote, kisimani, shambani, mashineni, zahanatini na mtoto mgonjwa mgongoni, sasa alizunguka kati ya jiko na kochi akitazama mvua dirishani. Magoti yakaanza kukaza. Akaanza kulala mchana, jambo ambalo kwao ni la wagonjwa.

Jumapili moja Loveness alikuwa hana zamu. Akamletea mama yake buti za mpira. "Mama, vaa hizi, twende tukatembee."

"Tunamtembelea nani?"

"Hatumtembelei mtu. Tunatembea tu mtoni."

Agnetha alicheka, kisha akaona mwanawe hatanii.

Njia yenyewe ilikuwa nyembamba, tambarare, imeshikamana na mto kama mtoto na mama yake. Maji yalikwenda kimya. Bata weupe wenye shingo ndefu walipita wakiwatazama kwa dharau. Palikuwa na vigeti vidogo vya kupita mtu mmoja mmoja, na upande wa pili wa kigeti kimoja ng'ombe wanene walilala katikati ya njia, wakicheua.

"Mchungaji wao yuko wapi?" Agnetha aliuliza.

"Hawana mchungaji, mama."

"Na wezi?"

Loveness alicheka mpaka akashika tumbo. Wazee wa Kizungu walipishana nao, wengine na mbwa, wengine na fimbo mbili mbili, na kila mmoja alisema neno. Agnetha alifurahi kuona kumbe nao husalimiana. Akawajibu "mwadila" kwa Kisukuma, nao wakaitikia kwa kutabasamu.

Lakini kilichomshika moyo hakikuwa mto. Nyumbani hakuwahi kutembea sambamba na binti yake. Yeye alitangulia na ndoo kichwani, mtoto akafuata na kidumu chake, shingo zimekaza, na mwenye mzigo kichwani hapigi soga. Maneno yaliwekwa mpaka wakifika, na wakifika kulikuwa na kazi. Hapa walikwenda bega kwa bega wakisukuma kigari cha mtoto, wala hakuna aliyekuwa akiwasubiri. Loveness akamweleza jinsi mwaka wa kwanza alivyokuwa akijifungia chooni kazini na kulia, huku kwenye simu akisema hajambo. Agnetha naye, bila kupanga, akamwambia kuhusu mimba mbili zilizotoka kabla ya kumzaa yeye, jambo ambalo hata yeye na marehemu mumewe hawakuwahi kulizungumza mpaka mwisho. Walisimama. Binti akamshika mama yake mkono, na hawakuuacha mto mpaka baridi ikawafukuza.

Baada ya hapo wakawa wanakwenda kila Loveness alipopata nafasi. Siku ya kuagana, binti alimnunulia fimbo ya kutembelea, nyepesi, ya chuma kinachong'aa, inayoingiana na kurefuka, yenye ncha chini.

Fimbo hiyo ndiyo iliyozua kisa.

Kijiji chao kiko upande wa Bulyanhulu, kwenye dhahabu, na huko mtu akiinamia ardhi, wenzake huacha wanachofanya. Vijana wa maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, waliokuja kutoka kila kona ya nchi kutafuta dhahabu, walimwona mama aliyetoka Ulaya akitembea ukingoni kila jioni, macho chini, akichoma ardhi kwa chuma. Habari ikapita kwenye vibanda vya chai: wale Wazungu wa binti yake wamempa kipimo. Anatafuta mwamba wa dhahabu.

Asubuhi moja Agnetha alikuta shimo pale alipozoea kupumzika. Jiwe lake lilikuwa limeng'olewa na kupinduliwa. Kesho yake mashimo yakaongezeka, na makarai ya kuoshea mchanga yakaonekana mtoni, na kelele, na maji ya kunywa yakawa matope. Masele, mwenyekiti wa kitongoji, akamwita.

"Mama Loveness, sema ukweli. Umeona nini kule?"

"Nimeona mikuyu, baba. Na ndege."

"Usinifanyie mzaha. Wanawake wanalalamika maji yamechafuka."

"Nami ni mmoja wao. Mimi ninatembea kwa ajili ya magoti yangu, na kwa ajili ya mwanangu. Hakuna zaidi." Akamkabidhi fimbo. Masele aliigeuza, akaichomoa, akaichungulia ndani, akaigonga mezani, akamrudishia. Lakini wachimbaji hawakuamini. Mwenye kuona dhahabu, walisema, huwa wa mwisho kukiri.

Agnetha alilia usiku ule, na kesho yake akabaki ndani. Siku iliyofuata magoti yakamuuma. Akajiambia kwamba akikaa ndani kwa kuogopa watu atakuwa amejifunga mwenyewe, wala hakuna mvua ya kumzuia. Akatoka.

Mtoni alimkuta Mwita, Mkurya mwenye mabega mapana aliyekuwa kiongozi wa wale vijana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeniharibia jiwe langu."

Mwita aliona haya kidogo. "Leo nitakwenda na wewe. Nione kila unapogusa."

"Karibu. Ila acha hiyo sururu. Ukiwa na mzigo hutembei, unafanya kazi."

Aliiacha akisitasita. Mwanzoni alitazama fimbo tu, kila ilipogusa chini naye akapunguza mwendo. Agnetha hakumjali. Alimwonyesha kiota cha mnana kilichoning'inia juu ya maji, akamweleza juu ya ule mto mwingine na ng'ombe wasio na mchungaji. Mwita alicheka. "Kwetu Tarime wangeamka hawapo," alisema.

"Kwenu una nani?"

Mwita alisukuma matete kando wakapita. "Mama yangu. Sijamwona tangu nianze maduara. Niliapa nisirudi mikono mitupu."

"Anakupigia simu?"

"Ananipigia. Sipokei. Nitamwambia nini?"

Agnetha alisimama. "Baba, mimi nilikwenda kwa mwanangu ng'ambo ya bahari. Unadhani nilikwenda kuona amepata nini? Ningemkuta analala chini, ningelala naye chini."

Mwita alifuta uso kwa mkono wenye vumbi, akageukia mtoni kama mtu anayetafuta kitu majini. Walirudi polepole, na fimbo haikutazamwa tena.

Jioni iliyofuata aliwaambia wenzake kuwa ameifuata njia yote na hakuna kitu. Wengine walimtukana, wakadhani anataka kuchimba peke yake. Lakini makarai nayo yalikuwa yakisema vilevile, mchanga mtupu, na mmoja mmoja wakahamia penye fununu nyingine. Mwita alibaki nyuma na wenzake wawili wakafukia mashimo, maana mbuzi wa watu walikuwa wameanza kutumbukia. Juma hilohilo alipanda basi kwenda Tarime. Hakuwa na kitu zaidi ya begi na kitenge cha mama yake alichochagua mwenyewe, huku Agnetha akimshauri rangi.

Mageni naye alikuja kutembea. Alisema anakuja mara moja tu, aone. Siku hiyo alizungumza njia nzima, juu ya mumewe, juu ya shinikizo la damu alilokuwa akificha, na walipofika kwenye mikuyu alishangaa kuwa wamefika. Kisha akaja mkwe wake, kisha mke wa mwenyekiti.

Masika yalipofika Kasenga ilifurika, njia ikalala chini ya maji. Wakahamia juu, kwenye mstari wa minyaa, ambako bado mto unasikika. Wanaume wakiwakuta hukosa pa kuwaweka akilini, wakauliza wanakwenda wapi bila ndoo wala jembe.

Mageni ndiye hujibu, bila kusimama: "Hatuendi popote. Tunarudi."