Barafu ya Shangazi

Nina hasira za karibu, na wenzangu pale kituo cha afya Ifakara wanajua kwamba sehemu kubwa ya hasira hizo inakaa kwenye jokofu la chanjo. Mtu asiweke soda humo. Asiweke chupa ya maji, hata kama jua limemkausha koo mpaka hawezi kusalimia. Asubuhi, kabla sijashusha mkoba begani, naangalia kipimajoto. Jioni kabla ya kufunga mlango naangalia tena. Kati ya nyuzi mbili na nyuzi nane, hapo ndipo chanjo inaishi, na mimi ndiye mlinzi wake. Bosi mmoja aliwahi kuniomba nimhifadhie kitoweo humo, saa moja tu. Jibu alilopata anasimulia mpaka leo. Najivunia hilo na sioni haya kulisema.

Wengi hudhani nilijifunzia mambo haya chuoni. Chuoni nilijifunza nyuzi. Baridi yenyewe nilijifunza kijijini Mofu, bonde la Kilombero, kwa shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea tangu nikiwa mdogo. Shangazi ni mchuuzi wa samaki. Ananunua kambale na perege kwa wavuvi, anawapanga kwenye deli lake, lile boksi la kubebea samaki wa baridi: samaki, barafu iliyopondwa, kiganja cha chumvi ili barafu ikaze, kisha samaki tena. Pembeni anashindilia pumba za mpunga, juu anafunika na kanga kuukuu, na mzigo unapanda bodaboda kwenda Ifakara. Mimi nimesoma kwa deli hilo. Sijawahi kusikia mteja hata mmoja akilalamika kwamba samaki wa shangazi ananuka.

Alinifundisha pia kulisikiliza deli. Ukiliinua, tega sikio. Likiwa kimya, safari ni njema. "Ukisikia maji yanacheza ndani, mwanangu, ujue mzigo umeanza kufa," aliniambia, nami nilikua nikiuogopa mlio huo kuliko radi.

Chanjo ya korona ilipofika kwetu, Mofu waliikataa. Maneno yalikuwa mengi: mara itawafanya wasizae, mara ni dawa mbovu zilizokataliwa kwingine zikaletwa kutupwa bondeni. Shangazi hakuwa na muda wa maneno hayo. Mume wake alikuwa amefariki katika kipindi kile kibaya, akihangaika kuvuta pumzi usiku kucha huku yeye amemshika mgongo. Kwa hiyo akaanza kuzunguka mashambani, kibanda kwa kibanda, akiongea na akina mama wenzake. Ulikuwa msimu wa kuamia ndege. Mpunga umeshainama, na ukiondoka shambani asubuhi moja tu ndege wanakuvunia. Hata hivyo walimkubalia. Walimpa asubuhi moja.

Akanipigia simu. "Wamekubali kwa sababu yangu mimi. Wamesema wanakuja mara moja, hakuna mara ya pili. Mwanangu, usiniangushe."

Siku hiyo niliamka na furaha ya mtu anayekwenda kuonyesha kazi yake nyumbani. Nilitoa vibarafu kwenye friza, vile vya plastiki vinavyojazwa maji, nikavipanga mezani nikavisubiri. Watu wengi hawajui hili. Kibarafu kikitoka kwenye friza hakiingii moja kwa moja kwenye boksi la chanjo. Ni kikali mno, kitaigandisha. Na chanjo ile ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka baadaye ikaonekana nzuri kama mwanzo. Unakiacha kilegee, unakitikisa sikioni, na ukisikia maji yanacheza ndani, hapo kiko tayari. Nilivitikisa kimoja kimoja. Nikapanga vichupa katikati, nikafunga boksi, nikapanda bodaboda.

Nilifika kwa shangazi jua likiwa bado la upole.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na mzigo salama?"

"Salama."

Utaratibu unataka boksi liwe karibu na mimi muda wote. Lakini ilinibidi niende shuleni na mwenyekiti wa kijiji kuandaa baraza: meza, chombo cha sindano zilizotumika, dawa za dharura, na viti vya waliochanjwa, kwa maana kila mmoja lazima akae robo saa nimwone hali yake. Nikajiambia, katika bonde hili zima la Kilombero, nani anajua kutunza baridi kumshinda shangazi? Nikaliacha boksi chumbani kwake, kivulini, nikaondoka.

Akina mama walikuja wengi kuliko nilivyotegemea. Baraza lilijaa, wengine wakakaa chini na matope ya shambani bado miguuni. Shangazi akaja wa mwisho, boksi kichwani, anatembea kwa madaha utadhani analeta mahari. Akalitua mezani, akaniinamia sikioni: "Nimekutunzia."

Nikafungua.

Humo ndani kulikuwa na barafu iliyopondwa, imepangwa vizuri, na chumvi imenyunyizwa juu, na pumba zimeshindiliwa kwenye pembe. Vibarafu vyangu havikuwemo. Nilichomoa kichupa kimoja nikakiinamisha. Hakuna kilichosogea. Nikachukua cha pili, cha tatu. Vyote vilikuwa vimeganda kama mawe.

"Shangazi, umefanya nini?" nilisema kwa sauti ndogo.

"Nililiinua nilisogeze mbali na dirisha, nikasikia maji yanacheza," akasema, bado anatabasamu. "Vibarafu vyako vilikuwa vimeyeyuka, mwanangu. Nikasema siku ya leo haiharibiki mikononi mwangu. Nikakuwekea barafu yangu, ile ngumu."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni, ikafika ikakuta hakuna wa kumkasirikia. Alikuwa amefanya kile hasa alichonifundisha. Nilimwambia taratibu kwamba maji yale ndiyo niliyokuwa nayataka, na kwamba chanjo imekufa kwa baridi. Tabasamu likamtoka.

Mwenyekiti alikuwa amesikia. Akanivuta pembeni. "Nesi, iache juani kidogo iyeyuke. Hawa leo wakirudi makwao bila kuchanjwa, huwapati tena. Na mama huyu utamwaibisha."

Nilimjibu hapana, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa mtu mzima kabla ya siku ile wala baada yake. Kisha nikasimama mbele ya baraza.

"Mama zangu, chanjo niliyokuja nayo imeganda. Ikiganda haifai tena, hata ikirudi maji. Leo sitamchoma mtu. Boksi lilikuwa dhamana yangu na kosa ni langu."

Kelele zikaanza. Mama mmoja aliyekaa mbele akasimama, akajifunga kanga kiunoni kwa nguvu. "Yaani tumewaachia ndege mpunga wetu, tuje kuangalia boksi?" Wengine wakaanza kuinuka. Niliona asubuhi yote ikiondoka, na heshima ya shangazi ikiondoka nayo.

"Kaeni!"

Alikuwa shangazi. Mchuuzi akisema mbele ya watu kwamba barafu yake imeharibu mzigo, huyo amejivunjia jina mwenyewe, na jina ndilo mtaji wake. Alilijua hilo kuliko sisi wote.

"Huyu anawadanganya ili anifiche mimi," alisema. "Barafu ni yangu. Nimefungua boksi lake bila kuulizwa, nimeiua dawa kwa mikono yangu hii. Ila niulizeni mimi, mnanijua. Samaki akiniharibikia namfanyaje?"

Akawazungushia macho.

"Namfanyaje?"

"Unamtupa," akasema mama wa mbele, kwa shingo upande.

"Namtupa. Simpaki limau nikamuuza. Haya, huyu nimemlea mimi, na leo anatupa. Angetaka kuwachoma uchafu angewachoma, nani kati yetu angejua?"

Mama wa mbele alinitazama kwa muda, kisha akamtazama shangazi. Hakusema kama atarudi. Alilegeza tu kanga yake, akaondoka kwenda shambani, na wenzake wakamfuata. Mimi niliondoka na moyo uliovunjika vipande viwili, kimoja cha huzuni na kimoja cha fahari. Nilivitenga vichupa vile nikaviandika visitumike, nikatoa taarifa halmashauri, nikasemwa, na nilistahili.

Wiki iliyofuata, siku niliyoagana na shangazi, nilirudi Mofu, boksi limebanwa katikati yangu na dereva wa bodaboda, na sikulitua kwa mtu. Njiani nilipita mashamba. Katika kibanda cha kwanza alikuwa mwanamume mzima anarusha udongo na kuwapigia ndege kelele, anakosea kila mara. Katika cha pili vilevile. Katika cha tatu alikuwa mwenyekiti mwenyewe, sauti imeshamkauka, akanipungia mkono kama mtu aliyetekwa. Hapo nikaelewa akina mama wako wapi.

Walikuwa barazani, na wamezidi wale wa mwanzo. Shangazi alikuwa mbele, amevaa gauni lake la kanisani. Hakuligusa boksi. Alisimama kando yake mikono nyuma, mpaka nilipolifungua, nikatoa kibarafu kimoja nikampa. Akakiweka sikioni, akakitikisa.

"Yanacheza," alisema.

"Yanacheza, shangazi."

"Na ndivyo inavyotakiwa?"

"Ndivyo hasa."

Maisha yake yote mlio ule ulikuwa mlio wa hasara. Alikishikilia kibarafu kile kidogo zaidi, kisha akageuka akawatikisia akina mama, juu, wasikie mpaka wa nyuma.

"Maji haya msiyaogope," akawaambia. "Mimi ndiye niliyeyaogopa."

Akanirudishia kibarafu, akakaa kwenye kiti, akapandisha mkono wa gauni lake la kanisani mpaka begani.

"Haya, nesi. Anza na mimi."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita nesi.