Ndoo ya Maranda

Nikipita penye viwanda vya mbao Makambako, harufu ya maranda ya paini hunifanya nizibe pua.

Bibi yangu alimwita Mungu kwa Kibena, Nguluvi. Siku moja mhubiri mgeni kanisani kwetu akasema hilo ni jina la mizimu, akatuwekea watoto ndoo yenye maranda mbele ya madhabahu.

“Litemeni jina hilo!” akatuamuru.

Ndani yake makohozi ya wenzangu yalikuwa yameshikana na maranda kama uji mzito. Nilitaka kuwa bora kuliko wote, kwa hiyo nilitema mara tatu, bibi akinitazama kutoka mlangoni.

Alikuja akanifuta kidevu kwa kitenge chake. “Umemaliza, mjukuu wangu? Haya, Nguluvi atufikishe nyumbani.”

Siku zote niliitikia amina. Siku ile nilitema tena, miguuni pake.