Seremala Aliyeogopa Vijiko

Alikuwa seremala wa milango, mtu wa watu, mzaha haumkauki mdomoni. Lakini saa ya chakula ikifika alijibanza nyuma ya mbao na bakuli lake, mgongo kwa wenzake. Walishamzoea. "Mwacheni," walisema, "bwana mkubwa ana wageni wake wasioonekana." Naye alicheka pamoja nao.

Alipooa, mambo yakawa mengine. Mkewe, muuguzi, aliandaa meza kwa moyo wote; yeye akabeba sahani hadi chumbani na kufunga mlango. Mwanzoni bibi harusi alidhani ni haya tu. Wiki ya tatu uvumilivu ukamwishia.

"Mume wangu, niambie ukweli. Chakula changu kibaya?"

"Kitamu sana."

"Basi sura yangu ndiyo inakukata hamu?"

Seremala akashusha pumzi, akaketi kitandani. Alipokuwa na miaka kumi alianguka ukutani, taya likavunjika. Lilipona, ila likabaki likilia kila anapotafuna: ka, ka, ka. Katika shule ya bweni wenzake wakalisikia. Mwanafunzi mmoja akagonga kijiko mezani kufuatisha mlio ule. Kesho yake meza nzima. Wiki haijaisha, bwalo zima linagonga, mwalimu wa zamu anatabasamu. Wakamwita Kinu. Kwa miaka minne alimeza bila kutafuna, au alishinda njaa.

"Najua hakuna anayegonga sasa," alisema, macho sakafuni. "Lakini mtu akinitazama nikila, koo linajifunga. Wenzangu wanaogopa nyoka, mimi naogopa vijiko."

Mkewe hakucheka, wala hakumpa mawaidha. Kesho yake mume alipojifungia, mke alileta kigoda, akaegemea mlango kwa nje, akala huku akisimulia visa vya wodini: mzee mmoja alikataa sindano mpaka aimbiwe, na daktari akaimba kweli, vibaya mno. Kisha ndani kikasikika kicheko.

Baada ya miezi mlango ukaachwa wazi kidogo. Halafu wakala chumba kimoja, wamepeana migongo. Halafu bega kwa bega dirishani, wote wakitazama nje.

Mwaka wa pili mama mkwe akaja kuwatembelea. Aliketi mezani akamkazia macho mkwewe. Taya likalia. Seremala akaacha kutafuna. Chini ya meza mkewe akamshika goti.

"Mwanangu, mbona umeacha kula? Nyama ngumu?"

"Si nyama, mama. Ni taya langu. Lina kelele."

"Taya tu? Ngoja usikie magoti yangu nikiinuka!"

Seremala alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hakuna aliyemuuliza yalikuwa ya nini. Akamaliza sahani, polepole, kila mtu akisikia.

Si kwamba hofu imeisha. Akiwa na mtu asiyemjua, koo bado hujifunga. Ila wiki ile ile alikata mbao akaunda benchi refu kwa ajili ya meza yao, la kukaa watu wanne.