Kikohozi Njiani Kwenda Ngosi

Atakayesema nimetunga, aje Mbeya aniambie usoni. Sikuwa na homa, sikuwa nimelala, na pombe siinywi. Nimesoma sekondari ya misheni, ndoto naijua na ukungu naujua. Nilichokiona nilikiona mchana, mwanangu akiwa mgongoni.

Ilikuwa mwaka juzi, mwezi wa saba, wakati ambapo kule Uporoto majani huamka meupe kwa baridi. Mume wangu ni karani wa Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya, hapa Boma. Jumapili moja baada ya ibada akaniambia, "Mama Tumaini, jifungeni vizuri, leo nawapeleka mkaone ziwa Ngosi. Lori la rafiki yangu litatushusha. Kutoka barabarani ni mwendo mfupi tu."

"Mfupi kwa nani? Wewe hubebi mtoto."

"Haya, nipe nimbebe, watu wanicheke mpaka Tukuyu!"

Hakumbeba. Nalisema mapema mjue hasira yangu ilianzia wapi.

Sasa kuna jambo lazima niwaeleze, maana mimi si wa huku. Ni Mhehe wa Kihesa, Iringa. Mume wangu ni Mnyakyusa, na kwao mke wa mtoto hamwoni baba mkwe uso wala hataji jina lake. Mkikutana njiani, mzee anakohoa kukupa habari. Wewe unatoka njiani, unachuchumaa, unajifunika kichwa, unampa mgongo mpaka apite. Naye hakutazami. Tangu niolewe nilimjua baba mkwe wangu kwa kikohozi tu: kifupi, kifupi, kisha kirefu chenye mluzi ndani, kwa sababu kifua chake kilikuwa kibovu. Hata alipokufa, masika ya mwaka uliotangulia, kabla Tumaini hajazaliwa, mimi niliwekwa nyuma ya nyumba.

Mmesikia? Alikufa. Tulimzika.

Basi tukapanda. Njia yenyewe inapita msituni, kwenye mianzi na matope, na karibu na juu inasimama kama ngazi. Tulipokaribia ukingo, ukungu ukatushukia mara moja, mzito, hata mianzi ya hatua chache mbele ikapotea. Mume wangu akafurahi kama mtoto wa shule. "Tumefika! Ngoja hapo hapo, nitazame kama ziwa linaonekana." Akaenda. Nilisikia viatu vyake, kisha sikusikia chochote, hata ndege.

Ndipo nyuma yangu, njiani tulikotoka, mtu akakohoa. Kifupi, kifupi, kisha kirefu chenye mluzi.

Mniamini, mwili uliokwisha kufundishwa hauulizi. Kabla akili haijakumbuka kwamba mzee ni marehemu, nilikuwa nimeshatoka njiani, nimechuchumaa, khanga kichwani, uso kwenye mianzi. Nyayo zikaja polepole kwenye matope. Nikangoja zipite.

Hazikupita. Zilisimama nyuma yangu kabisa.

Hapo ndipo akili ilipofika. Huyu ni nani? Sauti ikasema kwa Kinyakyusa, taratibu, kama wazee wanavyobembeleza wajukuu, "Njoo, babu akubebe. Mama amechoka." Tumaini akaamka. Hakulia! Alicheka kile kicheko anachowachekea watu anaowajua.

Nikahisi mbeleko inalegea. Uzito wa mtoto ukapungua mgongoni, polepole, kama mtu anapokupokea mzigo kwa heshima. Na mimi, mnajua nilifanya nini? Nilizidi kujifunika. Nilijikunja pale chini nikiona haya kumtazama mkwe! Ndivyo walivyonifundisha, na walinifundisha vizuri.

Kisha joto la mwanangu likaondoka mgongoni. Baridi ikaingia mahali pake, na hasira ikanipanda kutoka miguuni. Nikageuka.

Alikuwa amenipa mgongo. Hata pale alishika adabu yake! Mzee aliyejifunika blanketi, na blanketi lote lilikuwa jeupe kwa barafu ya asubuhi, ile ambayo kwenye majani ilikuwa imeyeyuka zamani. Mikono yake ilikuwa imekuja nyuma, kwangu. Viwiko vimekunjika upande ambao kiwiko cha mtu hakikunjiki, viganja vimemshika Tumaini makwapani, na miguu ya mwanangu inaning'inia hewani.

Nikamtaja jina. La ubatizo, na la ukoo, kwa sauti iliyopasuka. "Mtoto ni wangu! Mwache!"

Viganja vikafunguka. Nikamdaka mwanangu. Yule mzee akaanza kugeuza kichwa, nikaona sikio, nikaona ukingo wa shavu, la kijivu, limeganda. Sikungoja uso. Niliteremka mlima ule kwa makalio na magoti, mtoto kifuani.

Mume wangu alinikuta barabarani. Alikuwa amesikia nilivyopiga kelele. Neno lake la kwanza lilikuwa nini? "Umemtaja baba?"

Mama mkwe naye nilipomweleza akaniuliza, "Ulimtazama?"

"Nilimtazama mgongo, mama."

"Mgongo nao ni wake."

Baba yangu akapelekewa habari mpaka Kihesa, akatoa ng'ombe wa kuomba radhi. Wazee wakanisema mchana kutwa. Hakuna hata mmoja aliyemvua mwanangu shati atazame makwapani, ambako ngozi ilikuwa imeungua kwa baridi, alama za vidole, hata leo zipo.

Kama alikuwa baba mkwe kweli, au kitu kilichojifunza kikohozi chake, sijui. Ziwa sijaliona. Tumaini sasa anatembea, lakini asubuhi za baridi nikimpakata huangalia juu ya bega langu na kucheka. Simbebi tena mgongoni. Wanawake sokoni wananicheka, wacheke.

Akina mama, wakwe waheshimuni, chuchumaeni mtakavyo. Lakini mkono usioujua ukimgusa mtoto wako, geuka. Utazame, utaje jina, upige kelele. Watasema huna adabu. Mimi wameshasema, na mtoto ninaye.